Mkono Uliombatiza Aubri

Hautmare,
Mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Luka

Dada yangu mpendwa Odeline,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, na kwa upendo ambao kuta za nyumba yenu ya watawa hazijaupunguza. Kifua chako kinaendeleaje? Muuza chumvi aliyepita kwenu wakati wa mavuno alituambia kwamba unakohoa hata katikati ya sala, na Mama akasema bila shaka umerudia kulala bila soksi kama ulivyokuwa ukifanya utotoni. Tafadhali zivae. Nisalimie Mama Mkuu, na yule mtawa mzee wa jikoni aliyenifungia jibini kwenye majani nilipokuja kukutazama. Sisi huku tu wazima wa mwili. Matufaha yamekamuliwa, nguruwe wamenona, na paa la upande wa kaskazini limeezekwa upya kabla ya mvua. Nimeanza na haya kwa sababu ndiyo mepesi kuandika.

Najua kinachokufanya uufungue waraka huu kwa haraka. Mwezi wa Agosti uliniandikia kwamba umemtengea wifi yako Perronelle chumba kinachotazama bustani, na ukataka kujua atakuja lini. Sikukujibu kwa sababu shauri lilikuwa bado kwa hakimu wa Askofu. Sasa limekwisha. Nakuomba univumilie nilieleze tangu mwanzo kwa mpangilio, maana najua umesikia vipande kutoka kwa wapita njia, na kila mmoja amekupa kipande anachokipenda yeye.

Unakumbuka jinsi kaka yetu Gaucher alivyomwoa Perronelle. Mama alikuwa amemchagulia mwingine, naye akaenda kumleta binti wa askari wa farasi mwenye mnara mmoja na bwawa la mabata. Mama hakuwahi kumwita jina lake hadi alipozaa. Walipozaliwa mabinti watatu mfululizo, Mama alisema mezani, mbele ya wageni, kwamba Hautmare imegeuka kuwa nyumba ya watawa, imekosa kengele tu. Perronelle alikuwa akimkatia mkate mtoto wa mwisho, akajibu bila kuinua kichwa, "Kengele tunayo, Mama, tena hailali." Gaucher alicheka mpaka pombe ya matufaha ikamtoka puani. Ndivyo walivyokuwa. Nakuandikia hili ili ujue kwamba kilichokuja baadaye hakikuanzia kwenye chuki.

Mtoto wa nne alizaliwa mwaka huu, mwezi wa Februari, siku ya Mtakatifu Agatha, asubuhi. Mto Avre ulikuwa umefurika hadi kwenye mizizi ya mierebi, na padre wetu, Dom Foulques, alikuwa ng'ambo ya pili kwa mgonjwa, hawezi kuvuka. Mama alinituma juu nikaulize kama ni mwanamume. Nilisimama mlangoni, kwa kuwa chumba cha uzazi si mahali pa wanaume. Mkunga alikuwa Guiburc, yule yule aliyenipokea mimi. Alinitazama akasema, "Mwambie Bibi Mkubwa ni wa kiume, ila ana haraka ya kurudi alikotoka." Mtoto alikuwa wa bluu. Guiburc alikuwa amemlaza kwenye mapaja yake, bakuli la maji mkononi, tayari kumbatiza, kama wakunga wanavyoruhusiwa kufanya padre asipokuwepo.

Hapo ndipo Gaucher alipopita ubavuni mwangu. Alitoka mtoni moja kwa moja, buti zake zikiwa na matope hadi magotini. Akasema, "Nipe." Guiburc akamwambia, "Bwana, hii ni kazi yangu. Wewe ni baba." Akasema, "Nipe, nimesema." Alimchukua mtoto kwa mkono mmoja, akachukua bakuli kwa mwingine, akamwagia maji mara tatu na kusema maneno yote kwa Kilatini bila kukosea hata moja. Akamwita Aubri, jina la marehemu Baba. Perronelle alikuwa amenyoosha mkono kutoka kitandani, naye akamsogezea mtoto amguse.

Aubri alikufa kabla ya chakula cha mchana. Kwa kuwa alikuwa amebatizwa, tulimzika ndani ya uwanja wa kanisa, karibu na Baba. Perronelle hakulia sana. Wanawake walipokuja kumpa pole aliwaambia kwamba waume wa nyumba nyingine hungoja habari chini wakinywa, lakini wa kwake alipanda na matope yake. Mabinti zake pia aliwasimulia hivyo hivyo, na yule wa katikati alikuwa akiigiza, anatembea kwa vishindo chumbani na bakuli tupu, na mama yake anamwacha.

Sheria unaijua kuliko watu wengi wa hapa. Anayembatiza mtoto huwa baba yake wa kiroho, na baba wa kiroho wa mtoto hawezi kulala na mama wa mtoto huyo, kwa maana wamekuwa kama ndugu. Mzazi husamehewa ikiwa hapakuwa na mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo. Hapa mtu mwingine alikuwepo, tena bakuli lilikuwa mkononi mwake.

Baada ya Pasaka Gaucher alimwendea Dom Foulques akamwambia dhamiri inamsumbua. Alihamia chumba cha juu ya lango. Watu walimsifu. Watumishi walisema Bwana wetu ni mcha Mungu hadi anajinyima mkewe. Dom Foulques mwenyewe alitokwa na machozi, akasema kama hilo ni kosa, basi ni kosa la kupenda, na kwamba atapeleka shauri mjini kwa moyo mzito. Nilikuwepo aliposema hivyo. Alikuwa anakula samaki wa chumvi, ingawa Kwaresima ilikuwa imekwisha, kwa sababu anasema amewazoea.

Siku ya Pentekoste Mama alimwalika Bibi Jehanne wa Corbeval, yule mjane ambaye misitu yake inapakana na yetu. Alikula samaki wetu wa mtoni na kutazama dari kama mtu anayekagua meno ya farasi. Perronelle alimhudumia mvinyo mwenyewe. Akamwambia, "Bibi, sogea huku kidogo. Hapo ulipokaa panavuja, mimi nimeshapazoea." Mama alikunja uso. Gaucher aliendelea kumenya yai lake. Hilo yai alilimenya kwa muda mrefu sana.

Kiangazi chote tuliishi hivyo. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu alijua kwamba hakimu akiivunja ndoa, mabinti watabaki hapa, kwa sababu ni wa nyumba ya baba yao, na Perronelle ataondoka peke yake. Alianza kujiandaa bila kuambiwa. Alimfundisha Aelis, mkubwa wao, kuwachana wadogo zake kwa kitana na kuwasuka. Aelis anavuta mno, wadogo wanalia, na Perronelle anakaa pembeni na mikono mapajani, haingilii. Aliwaambia kwamba anakwenda kukaa kwa shangazi Odeline. Yule mdogo akauliza kama shangazi ana paka. Perronelle akaniuliza mimi, nikasema sijui, akamwambia mtoto kwamba mjomba wenu Renier ni msomi lakini mambo ya maana hayajui. Usishangae kwamba aliniita mjomba. Watoto wenyewe huniita baba mdogo, lakini yeye hupenda kunichokoza kwa kunihamishia upande wa ukoo wake, anasema kule wanaume huwa na faida.

Tuliitwa mjini wiki iliyotangulia sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Chumba cha hakimu kilikuwa na harufu ya nta na mbwa. Hakimu ni mtu mwembamba, mafua hayamwishi. Guiburc aliapishwa kwanza. Hakimu alimuuliza kama angeweza kumbatiza mtoto yule yeye mwenyewe, bila kumngoja Bwana. Alijibu, "Mheshimiwa, ningeweza kukubatiza hata wewe, kama ungekuwa mdogo kidogo." Makarani walicheka. Hakimu hakucheka, akarudia swali, ndipo Guiburc akasema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, bakuli lilikuwa mkononi mwake na kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka. Alijua maana ya jibu lake. Aliporudi kukaa alimpita Perronelle, akamshika bega, akasema, "Nisamehe, mwanangu, nimeapa." Perronelle akampapasa mkono kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Kisha niliitwa mimi. Nilieleza nilichokiona nikiwa mlangoni, kama nilivyokueleza wewe hapa, bila kuongeza wala kupunguza. Hakimu alipenga kamasi, akaniuliza, kama anavyowauliza mashahidi wote, ikiwa ninalo jingine la kusema.

Dada, hapa ndipo wapita njia wako hawajui kitu. Mama anawaambia watu kwamba hakimu alituhurumia. Si kweli.

Nilimtazama Perronelle. Alikuwa amesimama na glavu mkononi, na uso wa mtu anayengoja mvua ipungue ili aondoke. Nikamfikiria Aelis na kile kitana. Nikasema ndiyo, ninalo.

Nikamwambia hakimu kwamba mwaka jana, mwezi wa Novemba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martino, Perronelle akiwa mjamzito wa miezi kadhaa, Gaucher aliniita kwenye banda la ndege wake wa kuwindia. Alikuwa anamlisha kipanga vipande vya moyo wa kuku. Aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama ni kweli wanachosema watu, kwamba mwanamume akimbatiza mwanawe ndoa yake inakufa. Mimi, unanijua, nikiulizwa jambo la shuleni siwezi kunyamaza. Nilimweleza yote. Nilimweleza na habari ya ulazima, kwamba asiwepo mtu mwingine karibu. Akasema, "Kwa hiyo mkunga akiwepo, hakuna msamaha." Nikasema hakuna. Akasema, "Asante, msomi," akaendelea kumlisha ndege. Sikulifikiria tena hadi asubuhi ile nilipomwona akilichukua bakuli.

Hakimu akamwita Gaucher mbele. Alimweleza kwamba mtu anayefanya tendo hilo kwa kujua, ili ajifungue kifungo cha ndoa, hapati faida ya hila yake, na ndoa inabaki palepale. Akamtaka aseme kweli mbele ya Mungu, alijua au hakujua.

Gaucher akasema, "Nilijua. Niliposhika bakuli, nilijua."

Hakimu akamuuliza kama hiyo ndiyo sababu iliyomfanya alishike.

Akasema, "Mtoto alikuwa anakufa."

Hakimu akamwambia kwamba hilo si jibu la swali lake. Gaucher akasema, "Mimi sina jingine." Na sijui, dada, kama alikuwa anaficha, au kama alikuwa amejitafuta ndani na kweli hakukuta jingine. Nimelizungusha kichwani siku zote hizi. Alikimbia kutoka mtoni. Alisema maneno yote sawasawa.

Hukumu ni kwamba wao ni mume na mke kama walivyokuwa, na kwamba lazima warudi kwenye kitanda kimoja kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Kwa hiyo Perronelle haji kwenu. Chumba kile mpe mwingine.

Nilidhani nimemwokoa. Nakuandikia neno hilo kama lilivyokuwa kichwani mwangu tukiwa njiani kurudi. Gaucher alitangulia na farasi wake, Mama alijifanya amelala, na Perronelle alikuwa kwenye mkokoteni, anatazama mashamba. Tulipofika, mabinti walimkimbilia, naye akawabeba mmoja mmoja. Nikaenda kula, na nilikula vizuri.

Siku chache baadaye nilimkuta kwenye banda la kukamulia matufaha, anachagua yaliyooza. Aliniambia nishike kapu. Nikashika. Akafanya kazi kidogo, kisha akauliza, "Nani alikuuliza, shemeji?"

Nikasema hakimu ndiye aliyeuliza.

Akasema, "Hakimu aliuliza kama unalo la kuongeza. Watu wote husema hapana."

Nilimweleza kuhusu mabinti, kuhusu Aelis na kitana. Nilimwambia sikuweza kumwona akitengwa na watoto wake ilhali nina neno la kulizuia. Alinisikiliza. Yeye husikiliza vizuri. Kisha akaniambia kwamba mabinti wangekua. Wangekuja kwako kumwona, wakiwa wakubwa, nao wangemuuliza kwa nini aliondoka, naye alikuwa na jibu. Angewaambia baba yenu alitaka ndugu yenu afike mbinguni, hata kama kwa kufanya hivyo atanikosa mimi. Alisema jibu hilo angeliishi hadi kufa, na lingemtosha. "Sasa nakaa nao kila siku," akasema, "na nawaambia nini?"

Nikajaribu kile ninachokijua. Nilimwambia kwamba ubatizo haupimwi kwa moyo wa aliyemwaga maji. Maji yalikuwa maji, maneno yalikuwa maneno, na Aubri yuko aliko bila kipingamizi, chochote kilichokuwa ndani ya kichwa cha baba yake. Akasema anajua, Dom Foulques ameshamweleza. Akatupa tufaha bovu nje ya mlango. Akasema, "Nilikuwa naondoka hapa nikiwa na mume, shemeji. Sasa nimebaki, na sina." Akaniambia kapu limejaa, nilipeleke.

Nilitazamia angekasirika. Ningejua la kufanya na hasira. Hakuna hasira katika nyumba hii. Gaucher amerudi chumbani kwao, kama alivyoamriwa. Wanakula sahani moja, kama desturi. Gaucher anamkatia nyama, Perronelle anapokea, anasema asante. Yule binti wa katikati alianza tena mchezo wake wa bakuli jana, akitembea kwa vishindo, na safari hii hakuna aliyemzuia wala aliyemtazama, hadi akaacha mwenyewe akaketi. Bibi Jehanne amekwisha kupata mchumba mwingine upande wa Dreux. Mama alipoletewa habari hiyo alisema tu kwamba mjane yule alikuwa na meno mabaya.

Gaucher hajanisemesha ila mara moja. Tulikutana kwenye ngazi, mimi nikishuka, yeye akipanda. Alinipisha, akaweka mkono ukutani, akasema, "Wewe ni mwanafunzi mzuri, Renier. Umejibu vizuri mara zote mbili." Hakusema kwa kebehi. Alisema kama mtu anayetoa hesabu iliyokwisha kukubaliwa, akaendelea kupanda.

Wewe uliyezoea kukaa kimya na Mungu, niambie kama nilifanya vema. Au usiniambie. Kuna siku naona nilitoa ushahidi kwa ajili ya mabinti, na kuna siku naona nilijibu kwa sababu niliulizwa, na jibu nilikuwa nalo. Ukiona inafaa, mwandikie Perronelle, lakini usimwandikie kwamba Gaucher alimpenda mtoto, kwa maana atajua kwamba ni mimi niliyekutuma, na hakuna kati yetu anayeweza kuliapia.

Mama anakusalimu na anasema tena habari za soksi. Dom Foulques anakuomba umkumbuke katika sala zako za alfajiri, saa ambayo yeye amelala. Guiburc anakusalimu. Aelis anauliza tena kuhusu yule paka, kwa niaba ya mdogo wake. Gaucher nilimwambia ninakuandikia; alisimama kidogo mlangoni, kisha akatoka kuwaona mbwa. Perronelle nilimuuliza kama ana neno la kukutumia. Alifikiri, akaniuliza barua inaondoka lini. Nikamwambia kesho asubuhi, na wachuuzi wa sufu. Akasema basi iende tu, yeye atakuandikia mwenyewe siku atakayokuwa na la kusema.

Mungu akuhifadhi wewe na dada zako wote mlio chini ya paa moja.

Mdogo wako,
Renier wa Hautmare